Buzwagi, Mazimbu na Vitanda vya Wanafunzi

Nimekuwa kimya hapa ukumbini kwa wiki kadhaa, mnisamehe. Nilikwenda nyumbani Kahama kumsalimia mzee, na njiani nikapitia Shinyanga mjini kumwona mdogo wangu wa kike, ambaye yuko mwaka wa pili chuoni. Nilidhani ningerudi na habari za mvua na bei ya mpunga. Nimerudi na swali moja, na swali lenyewe limenipeleka mbali kwenye historia. Vuteni viti.

Mdogo wangu anakaa hosteli. Hosteli ya mtu binafsi, si ya chuo. Nilipofika getini nikacheka kimoyomoyo, maana mimi ni mtoto wa mkoa wa pamba na jengo lile nililitambua kabla sijaingia. Ni ghala! Bati liko juu kabisa, vijidirisha vidogo vimekaa karibu na paa na vina nondo, na mlango ni mmoja tu, mpana, wa chuma, uliotengenezwa kupitisha mizigo ya pamba. Ndani wamekata vyumba kwa plaiwudi ambayo haifiki hata juu, kwa hiyo anayekohoa chumba cha kwanza anapewa pole na wa chumba cha nane. Kila kitanda kinalala wasichana wawili, na kila mmoja analipa shilingi 35,000 kwa mwezi.

Waliosoma Mlimani wanajua habari ya kubebana: mwenye chumba anamstiri mwenzake aliyekosa, mnalala mzungu wa nne, miguu ya huyu kichwani kwa yule, na maisha yanakwenda. Nikamtania mdogo wangu kwamba na wao wanabebana. Akanijibu, "Kaka, hapa hatubebani. Hapa tunalipa wote."

Tukacheka. Kisha nikaona mitungi midogo ya gesi imepangwa kwenye ujia, pale pale karibu na mlango, ndiko wanakopikia. Nikamwuliza: moto ukianzia hapa, ninyi mtatokea wapi?

Alinyamaza kidogo. Akasema, "Kaka, usimwambie mama."

Sijamwambia mama. Nimekuja kuwaambia ninyi.

Ghala lilitoka wapi?

Tuanze na ghala lenyewe, maana majengo hayaoti kama uyoga. Usukumani miaka ya 1950 pamba ilikuwa ndiyo benki, ndiyo siasa, ndiyo heshima. Wakulima walichoka kuibiwa kwenye mizani, wakaanzisha vyama vyao, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya kijana aliyeitwa Paul Bomani. Katika miaka michache shirikisho hilo lilikuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika. Wakulima wakamiliki mpaka vinu vya kuchambulia pamba.

Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika. Vikarudishwa miaka ya 1980, na Shinyanga ikapata chama chake, SHIRECU. Mwaka 1994 biashara ya pamba ikafunguliwa kwa watu binafsi. Wanunuzi wakamiminika kama kumbikumbi baada ya mvua, kila mmoja na mizani yake, lori lake na ghala lake. Miaka ikapita, bei ikayumba, wengi wakafunga. Mizani na malori waliondoka navyo. Maghala yalibaki.

Ghala la mdogo wangu ni moja ya hayo. Mwenyewe alikuwa mnunuzi wa pamba, sasa ni mnunuzi wa wanafunzi. Simlaumu kwa kuona fursa. Vijana wamejaa, vitanda vya chuo havitoshi, na jengo lilikuwa tupu likilaliwa na popo. Wazo la kugeuza jengo lililokufa kuwa makazi ya wanafunzi ni zuri. Nilipoanza kuchimba nikagundua kwamba nchi hii imekuwa ikifanya hivyo tangu kabla ya uhuru wenyewe.

Vyuo vyetu vilizaliwa kwenye nyumba za wengine

Chuo chetu kikuu cha kwanza kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, na hakikufunguliwa pale Mlimani. Kilianzia kwenye jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria ambao wangeenea kwenye daladala moja na nafasi ikabaki. Mlimani walihamia mwaka 1964. Yaani elimu ya juu ya nchi hii ilianza kwa kuazima nyumba ya chama.

Nenda Iringa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wakoloni walijenga pale shule ya kifahari ya St. Michael's and St. George's kwa ajili ya watoto wa Kizungu. Uhuru ukaja, watoto wale wakaondoka, shule ikawa Mkwawa, na mwaka 2005 ikawa chuo kikuu kishiriki cha ualimu. Mabweni waliyotengewa watoto wa masetla wanalala watoto wa Kihehe, Kisukuma na Kimakonde.

Nenda Dodoma. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana kilianza mwaka 2007 kwenye majengo ya iliyokuwa sekondari ya Mazengo. Mwaka huo huo UDOM ilianzia Chimwaga, kwenye ukumbi wa CCM, ukumbi ule ule ambao mwaka 1995 Benjamin Mkapa aliteuliwa kugombea urais. Nenda Morogoro: Chuo Kikuu cha Waislamu kilifungua milango mwaka 2005 kwenye majengo yaliyokuwa chuo cha mafunzo cha TANESCO.

Mnaona? Shirika linaondoka, shule inahamishwa, chama kinapata ukumbi mwingine, na wanafunzi wanaingia na magodoro yao.

Mazimbu: mkonge, wakimbizi, wanafunzi

Mfano unaonigusa kuliko yote uko Morogoro pia, mahali panaitwa Mazimbu.

Mazimbu lilikuwa shamba la mkonge. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha takriban tani 230,000 za mkonge, kilele ambacho hatujakiona tena. Kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaporomoka, mashamba mengi yakafa. Mazimbu likabaki na nyumba chakavu katikati ya nyasi.

Kisha mwaka 1976 vijana wa Soweto wakaandamana, wakapigwa risasi, na maelfu wakaikimbia Afrika Kusini. Wengine wakafika Tanzania wakiwa na umri wa kuwa darasani. Mwaka 1977 serikali yetu ikawapa ANC ardhi ile ya Mazimbu. Hawakusubiri majengo mapya. Walikarabati nyumba za shamba la mkonge, wanafunzi wa kwanza wakaishi na kusomea humo huku wakijenga mengine pembeni. Mwaka 1979 makaburu walipomnyonga Solomon Mahlangu, shule ikapewa jina lake. Pakawa mji kamili: mabweni, zahanati, shamba, karakana, mpaka makaburi ya waliofia ugenini.

Afrika Kusini ilipoanza kufunguka, swali likaja: mji huu wote atabaki nao nani? Julai 1992 Oliver Tambo alikuja akaukabidhi kwa Rais Ali Hassan Mwinyi, na ukaenda kwa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Leo ni Kampasi ya Solomon Mahlangu. Nyumba zile zile: kwanza za bwana mkonge, kisha za wakimbizi wa ukombozi, sasa za wanafunzi wa Kitanzania.

Angalia vizuri jinsi ilivyofanyika. ANC hawakuondoka kwanza halafu watu wakaanza kutafutana. Mpokeaji alikuwa anajulikana. Jengo halikukaa tupu kiasi cha wezi kung'oa milango. Na hakikuhamia kitanda peke yake, kilihamia chuo kizima, kitanda kikafuata. Shikeni hilo, tutalirudia.

Baba yangu na bawaba za Buzwagi

Sasa turudi nyumbani, kwenye dhahabu.

Kutoka Shinyanga unakwenda mpaka Tinde, njia panda. Ukishika Nzega unaelekea Lusu, ulikokuwa mgodi wa Golden Pride wa Waaustralia wa Resolute. Ulimimina dhahabu yake ya kwanza mwaka 1998, ukiwa mgodi mkubwa wa kwanza wa zama hizi mpya za uwekezaji, na ilipofika 2014 ulikuwa umefungwa. Watu wengi wanachojua kuhusu Nzega ni shimo. Wachache wanajua kwamba majengo ya mgodi yalikwenda kwa Chuo cha Madini, kile cha Dodoma, yakawa kampasi. Kijana anayejifunza uchimbaji anajifunzia mahali ambapo uchimbaji wenyewe ulifanyika, akitazama shimo halisi. Kwangu mimi hiyo ni akili.

Ukishika kulia kuelekea Kahama, kilomita chache kabla ya mji unaiona Buzwagi. Wenzangu mliokuwa mnasoma habari mtandaoni miaka ile mnalikumbuka jina hili. Februari 2007 Waziri Nazir Karamagi alisaini mkataba wa mgodi huo London, nchi ikachemka. Agosti mwaka huo Zitto Kabwe akaupeleka Bungeni, akasimamishwa ubunge kwa miezi kadhaa, na mwisho wake Rais Kikwete akaunda kamati ya Jaji Mark Bomani kuangalia mikataba ya madini. Tulibishana sana kuhusu asilimia na mirabaha. Sikumbuki mtu yeyote aliyeuliza habari ya vyumba.

Lakini baba yangu alikuwa anavifikiria vyumba, kwa sababu alivijenga. Ni fundi seremala. Mwaka 2008, mimi nikiwa darasa la tatu, alipata kibarua cha kufunga milango na makabati kwenye makazi ya wafanyakazi wa mgodi. Kibarua kile ndicho kilichonunua sare zangu. Mgodi ukaanza uzalishaji mwaka 2009, ukasimama mwaka 2021. Miaka kumi na miwili. Mimi nilianza nikiwa nahesabu kwa vijiti, ukafungwa nikiwa na kitambulisho cha uandishi shingoni.

Safari hii tulipanda bodaboda mpaka Mwendakulima, tukasimama barabarani kutazama ule mlima wa mawe uliotoka shimoni. Baba hakuzungumzia dhahabu hata kidogo. Alisema, "Milango ile niliifunga bawaba tatu tatu. Haiwezi kuchoka haraka."

Na kweli, haijaachwa ichoke. Serikali iliamua eneo lile liwe eneo maalumu la kiuchumi, na mwaka 2024 Barrick walianzisha hapo chuo chao, Barrick Academy, cha kuwanoa wasimamizi wa migodi yao ya Afrika na Mashariki ya Kati. Kwa hiyo kuna watu wanalala na kusoma Buzwagi leo. Ni hatua nzuri, tuseme ukweli. Huo ni mgodi uliofungwa bila kugeuka pori.

Ila ni chuo cha kampuni kwa wafanyakazi wa kampuni. Mdogo wangu hayumo, wala binti wa jirani yetu Mwendakulima ambaye wazazi wake walikuwa na mashamba upande ule. Sisemi waingie kwa nguvu. Nasema eneo lile ni kubwa, mipango bado inaandikwa, na wakati wa kupeleka hoja ya chuo cha umma chenye mabweni ni sasa, kabla kila kiwanja hakijapata mwenyewe.

Johannesburg walifanyaje?

Mtu ataniambia mgodi ni mgodi na ghala ni ghala, mwanafunzi ajengewe jengo jipya. Sawa, na mapya yanajengwa. Mwaka 2017 pale Mlimani tulipata hosteli za Magufuli, majengo 20, wanafunzi 3,840, kwa shilingi bilioni 10. Lakini bilioni 10 haziangukii kila mji, na Shinyanga si Dar.

Johannesburg ni mji uliozaliwa na dhahabu mwaka 1886, kwa hiyo ni kama kaka mkubwa wa Geita. Pale Newtown kulikuwa na maghala marefu ya nafaka yaliyoachwa. Mwaka 2014 yakafunguliwa kama makazi ya wanafunzi, yanaitwa Mill Junction. Walitoboa madirisha kwenye zile kuta za zege, wakaweka sakafu ndani, na juu ya paa wakapandisha makontena ya meli kuwa vyumba zaidi. Oslo kule Norway walilitangulia hilo mwaka 2001, ghala la nafaka la mwaka 1953 likawa na makazi zaidi ya 200 ya wanafunzi, mengine yakiwa ya duara kama kinu.

Rudia kusoma: walitoboa madirisha. Ndiyo tofauti yote kati ya ghala lao na ghala la mdogo wangu. Ghala hujengwa ili kitu kisitoke. Nyumba hujengwa ili mtu aweze kutoka. Ukileta watu ghalani bila kubadilisha hilo, hujafanya ukarabati, umehifadhi binadamu kama pamba.

Na sisi hatuna haja ya kufundishwa na mtu. Mwaka 1994 makumi ya wasichana waliteketea bwenini Shauritanga, Kilimanjaro. Mwaka 2009 wengine 12 wakateketea Idodi, Iringa. Wale walikuwa kwenye mabweni ya shule, yenye walimu karibu. Kwenye ghala la kupanga anayekagua ni nani?

Geita bado kuna muda

Kwa nini nimetaja Geita? Kwa sababu Geita ilishaonja kufungiwa mgodi. Mgodi wa zamani ulichimbwa tangu miaka ya 1930 mpaka 1966, ukafungwa, na mji ukalala usingizi mpaka GGM ilipoanza uzalishaji mwaka 2000. Siku moja na huu utakwisha. Sisemi kesho, ila dhahabu haioti tena kama pamba.

Sheria ya Madini ya 2010 inamtaka mwenye mgodi mkubwa awe na mpango wa kuufunga na dhamana ya fedha ya kurekebisha mazingira. Na marekebisho ya 2017 yanamtaka kila mwaka akubaliane na halmashauri juu ya mpango wa huduma kwa jamii. Kwa hiyo meza ya mazungumzo ipo. Halmashauri zetu zikikaa pale huomba madarasa, zahanati na barabara, na ni haki yao. Waongeze swali moja: siku mkiondoka, majengo haya anachukua nani, na ataishi nani humo?

Kwa nilivyosoma historia hii, kuna mambo manne yanayofanya kazi. Mpokeaji ajulikane kabla mwenye jengo hajaondoka, kama Mazimbu. Chuo kihamie pale pamoja na vitanda, kama Nzega, maana kambi ya mgodi mara nyingi iko mbali na mji na mwanafunzi hawezi kulipa bodaboda kila asubuhi. Maji na umeme viwe vya umma, visiwe vya jenereta ya mgodi inayoondoka na mwenyewe. Kahama na Shinyanga tuna bahati, maji ya Ziwa Victoria yanatufikia. Na kabla ya yote, mtaalamu akague ardhi, jengo na milango, hasa mahali palipotumika kemikali.

Ghala la mdogo wangu halina hata moja kati ya hayo isipokuwa maji.

Siku ya kuondoka nilimpitisha baba pale hosteli. Sikumwambia kitu. Alisimama mlangoni, akatazama vile vijidirisha vya juu, akatazama mitungi ya gesi, akauzunguka ukuta wa nyuma akiugonga gonga kwa kifundo cha kidole. Kisha akaenda kwa mwenye hosteli, wakasalimiana kizee, wakazungumza Kisukuma kirefu. Alimwambia: nunua fremu na mlango, nitautoboa ukuta huu na kuufunga bure, binti yangu analala humu.

Mwenye hosteli amesema atafikiria. Mitungi ya gesi ilihamishiwa nje siku ile ile. Mlango bado. Nampigia simu kila Jumapili baada ya misa, na nitaendelea kumpigia mpaka achoke.

Nanyi niulizeni maswali, nikosoeni. Na kama una mdogo wako aliyeko chuoni, usimwulize tu bumu limetoka lini. Mwulize analala wapi, na mlango wa pili uko upande gani.

Alamsiki.